Mmoja Haandikwi Mara Mbili

Shangazi yangu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule ile ile, chumba kile kile chenye dirisha lisilofungika, na wanafunzi wake walimwita Duara. Si kwa sababu ya umbo lake, ingawa wapo waliodhani hivyo. Ni kwa sababu hakujua kueleza jambo lolote bila kuchora maduara mawili yaliyopandana kidogo, kama sahani mbili zilizorundikwa vibaya kabatini. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alizoea kusema, "Usimuulize dada njia ya kwenda posta. Atakuchorea duara, na posta hutaiona."

Somo alilolipenda kuliko yote ni seti, na katika somo hilo alilipenda neno moja: muungano. Siku ya kulifundisha aliingia darasani mikono mitupu, hana kitabu wala daftari.

"Wenye kaka nyumbani, simameni dirishani. Wenye dada, mlangoni."

Watoto walikimbia. Kila mwaka walibaki wachache wakiyumba katikati, mguu huku mguu kule, maana nyumbani kwao kuna kaka na kuna dada. Shangazi aliwaacha wayumbe kidogo, kisha akawasimamisha mbele ya meza yake. Akauliza ni watoto wangapi wenye kaka au dada. Hakukosekana mwerevu wa kuhesabu wa dirishani pamoja na wale wa katikati, halafu wa mlangoni pamoja na wale wale wa katikati, akajumlisha na kutaja jibu kwa sauti ya ushindi. Shangazi alimshika mtoto mmoja wa katikati begani na kuliuliza darasa, "Kwa hiyo huyu tumkate vipande viwili?"

Darasa lilicheka, na katika kicheko hicho somo liliingia. Muungano wa seti mbili ni seti ya vyote vilivyomo katika hii au katika ile. Na kilichomo kote kote kinaandikwa mara moja, basi. Nimekutana na watu wazima, madereva na waokaji mikate, ambao wamesahau kila kitu cha shule isipokuwa hicho.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu kwake, zahanati mbili za upande wetu wa mji zilifanywa moja. Ya kwanza ilikuwa juu, karibu na tangi la maji. Ya pili ilikuwa chini, nyuma ya soko. Jengo jipya lilisimama katikati, lina mabenchi ya chuma na feni inayozunguka, na wagonjwa wote wa dawa za kila mwezi, wale wa presha, sukari, pumu na kifafa, wakaambiwa wahamie hapo. Shangazi alikuwa wa presha.

Siku yake ya kwanza aliwahi mapema, akakaa benchini, akaitwa dirishani, akapewa vidonge vyake vya mwezi. Alikuwa bado anahangaika na zipu ya mkoba alipoitwa tena. Akarudi akidhani amesahau miwani. Mfamasia, dada mmoja mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, akamsogezea pakiti nyingine ya vidonge vile vile.

"Mwanangu, umeshanipa."

"Hii ni ya kadi ya pili, mama."

"Sina kadi ya pili."

Mfamasia akaligeuza daftari amwonyeshe. Kweli, jina lake lilikuwa kwenye kurasa za mwanzo, na kurasa nyingi mbele likawapo tena. Alikuwa ameandikishwa zahanati ya chini zamani, mumewe angali hai na wanakaa nyuma ya soko. Baada ya msiba alihamia kwetu, akaandikishwa ya juu. Madaftari mawili yalipoletwa pamoja, wakawa shangazi wawili.

"Makubwa haya," akasema. "Marehemu mume wangu alilalamika kwamba mimi mmoja tu namshinda. Angetukuta wawili angehama nchi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akauliza daftari hilo limeandikwa na nani, akaelekezwa masjala.

Mkuu wa masjala alikuwa mwanamume wa rika lake, shati limenyooshwa mpaka kwenye kola, kalamu za rangi tatu zimepangwa mfukoni. Wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Mihuri, kwa kuwa hakuna karatasi iliyotoka chumbani kwake bila kugongwa muhuri mara mbili.

"Mwalimu, kazi hii imekamilika," alimwambia. "Ya juu, watu mia sita na arobaini. Ya chini, mia tano na kumi na tano. Tumeunganisha, tumepata elfu moja mia moja hamsini na tano. Hesabu hii hata mjukuu wangu anaiweza."

"Ulichofanya ni kujumlisha, bwana. Hujaunganisha."

"Kwani kuna tofauti?"

"Tofauti ndiyo mimi hapa. Nimesimama mbele yako na dawa za watu wawili."

Kicheko cha foleni kilikuwa kimemtoa ofisini daktari mkuu wa kituo, mama mmoja mrefu mwenye haraka zake. Alisikiliza ameegemea mlango. Naye hakucheka. Alisema kinachomsumbua si yule aliyerudisha pakiti ya pili. Kinachomsumbua ni yule aliyeipokea akanyamaza, akaenda nayo nyumbani.

"Wapo wangapi wa namna hiyo?" akauliza.

Bwana Mihuri akatazama kalamu zake.

"Nipeni meza," shangazi alisema, "mkasi, na wiki tatu."

Maboksi matupu ya dawa tuliyakata wote wawili, mimi na yeye, Jumamosi mbili mfululizo barazani kwetu, mpaka vidole vikaota malengelenge. Kila mgonjwa alipata kipande chake cha boksi: wino wa buluu kwa wa zahanati ya juu, mwekundu kwa wa chini. Kisha alivipeleka kituoni na kuvipanga mezani kwa herufi. Cha buluu kilipomkuta mwenzake mwekundu mwenye jina lile lile, umri ule ule na ugonjwa ule ule, alivibana kwa pini na kuviweka kando.

Siku ya mkutano wa wafanyakazi aliyachora maduara yake ukutani, kwenye ubao wa ratiba ya chanjo. Bwana Mihuri akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu, unatupunguzia watu?"

"Hata mmoja. Ninapunguza majina. Watu wako pale pale walipokuwa."

"Na hao wa katikati?"

"Wa katikati wamo juu na wamo chini. Ukijumlisha, umewahesabu mara mbili. Basi jumlisha kama ulivyozoea, halafu uwatoe mara moja. Watabaki mara moja, kama Mungu alivyowaumba."

Katika vipande vilivyobanwa pini alikuwemo fundi saa mmoja mzee, mwenye kibanda kando ya posta. Daktari alipomwita na kumuuliza, mzee alikiri kwamba miaka miwili sasa anachukua dawa huku na huku, na zote anazimeza.

"Lakini baba, ni dawa moja!"

"Sikujua, daktari. Nilidhani za zahanati ya juu ni za presha ya kupanda, na za zahanati ya chini ni za presha ya kushuka."

Ndiyo maana kizunguzungu kilikuwa hakimwachi, hata wateja wakaanza kumkimbia kwa vile bisibisi ilimtetemekea mkononi. Daktari alimwachia dozi moja. Haukupita mwezi, mzee alikuwa anafungua saa za kike, zile ndogo kama punje, na anamwambia kila mteja kwamba ameponywa na mwalimu wa hesabu.

Wiki ya tatu ilipokwisha, vipande vilivyobanwa vilikuwa jozi mia moja themanini na moja. Shangazi alitoa, akapata mia tisa sabini na nne, akaiandika namba hiyo kwenye ubao wa daktari na kuipigia mistari miwili. Siku hiyo alirudi nyumbani anatembea kama aliyefunga goli. Na mimi nilimpigia makofi, sina haja ya kuficha.

Mwezi uliofuata alifika dirishani mshonaji mmoja, mama wa miaka thelathini na minne, kuchukua dawa zake za kifafa. Karani akamwambia ameshachukua Jumatatu. Akasema hajachukua. Karani akamwonyesha daftari: jina lake, umri wake, mtaa wake, na saini. Yule mama si mtu wa kugombana. Alisimama kidogo, akasema labda atarudi siku nyingine, akaenda zake.

Siku ya nne alianguka kando ya cherehani yake, akachanika nyusi kwenye ncha ya meza.

Dada yake ndiye aliyemleta kituoni, amemshika kiuno, kitambaa cha kushonea sketi kimefungwa kichwani pake kimelowa damu. Mgonjwa alipelekwa ndani. Yule dada akabaki katikati ya ukumbi.

"Nani?" alipaza sauti. "Nani ameamua kwamba dada yangu hayupo duniani?"

Watu wakatazamana. Shangazi alikuwa mezani kwake, nyuma ya vipande vyake vya boksi. Akainuka.

"Ni mimi, mama."

Yule dada alikuwa amejiandaa kugombana na mtu wa kukana. Alimtazama shangazi kutoka juu mpaka chini, akasema tu, "Basi mwandike," akaingia ndani kumfuata mgonjwa.

Mfamasia ndiye aliyenisimulia hayo. Aliniambia pia kwamba Bwana Mihuri alikuwepo na alisikia kila neno, na angeweza kusema "nilijua tu," kwa kuwa ilikuwa zamu yake kusema hivyo. Hakusema. Alichukua rundo la fomu, akaanza kuzigonga mihuri huku ameinamisha kichwa.

Shangazi aliitoa ile jozi. Kipande cha buluu, mshonaji. Kipande chekundu, jina lile lile herufi kwa herufi, miaka ile ile, nyuma ya soko vile vile, kifafa vile vile. Huyu wa pili, alikuja kugundua jioni ile, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na ndiye aliyechukua dawa Jumatatu kwa haki yake. Walikuwa wawili tangu kuzaliwa kwao, na pini ya shangazi ndiyo iliyowafanya mmoja.

Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti cha baraza na viatu miguuni.

"Miaka thelathini na mmoja," aliniambia, "nimewacheka watoto wanaomkata mwenzao vipande viwili. Leo nimewashona wawili nikawafanya mmoja, na hakuna wa kunicheka."

"Shangazi, ulikosea kidogo tu, kwa mtu mmoja kati ya..."

"Usinifariji kwa hesabu. Hesabu ni yangu."

Alikaa na aibu yake muda wa kutosha kuchemsha birika mbili za chai, wala chai yenyewe hakuinywa. Kisha akavua viatu, akanawa uso, akavaa viatu tena na kutoka. Alikwenda kwa mshonaji.

Kilikuwa chumba kimoja kinachotazama uchochoro, cherehani mlangoni ipate mwanga, kioo kirefu kimeegemezwa ukutani, na sketi za shule za rangi ya kijani zimerundikwa hadi dirishani. Mshonaji alikuwa amelala kitandani, plasta juu ya jicho. Shangazi aliomba msamaha kabla hajakaa. Mshonaji aliona haya kuliko yeye.

"Mwalimu, jina langu limejaa mji huu," alisema. "Hata barua zangu huenda kwa wenzangu. Mimi ndiye niliyepaswa kubisha zaidi pale dirishani."

"Hapana, mama. Mgonjwa hapaswi kubishana ili aonekane."

Wakaongea. Shangazi, mtu asiyeweza kukaa mahali bila kuuliza, akataka kujua sketi mia zote zilizofanana vile anazitofautishaje, maana wenyewe walikuwa wamezileta kurekebishwa na kila mmoja atataka yake.

"Sketi siitazami," mshonaji alijibu. Akavuta moja, akapindua pindo. Ndani kulikuwa na mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu. "Kila mwenye nguo namwekea alama yake humu ndani. Rangi, na idadi ya mishono. Kwa nje zote ni sketi tu."

Shangazi aliniambia kwamba alitamani kumpigia saluti.

Asubuhi alikuwa ofisini kwa daktari kabla ya wafagiaji kumaliza. Alimweleza bila kuzunguka. Muungano unadai jambo moja kabla hujaanza: ujue kipi ni sawa na kipi. Vitabu vya shule havihangaiki sana na hilo kwa sababu elementi zake, yaani vitu vilivyomo ndani ya seti, ni namba, na saba ni saba kokote uendako. Binadamu si saba. Kumbe yeye alikuwa ameunganisha seti za majina, akadhani ameunganisha seti za watu.

"Kwa hiyo unaomba nini?" daktari aliuliza.

"Nizifungue pini zote. Na kila mmoja aje mwenyewe, akae mbele yangu, anitajie mambo ambayo jina haliyajui. Mama yake nani, kazaliwa wapi, na alama moja anayoichagua yeye. Wote, si wale wa jozi tu."

"Elfu na zaidi?"

"Wanakuja kila mwezi kuchukua dawa. Nitawakuta hapo hapo benchini. Wiki sita."

Daktari alimtazama mtu aliyekosea jana akiomba kazi kubwa kuliko ya kwanza. Akasaini.

Shangazi alipofika mezani kwake alimkuta Bwana Mihuri, kalamu zake tatu zimepangwa juu ya meza.

"Mwalimu, wale wa zahanati ya chini nawajua kwa sura," alisema. "Miaka kumi na tisa nimewagongea kadi. Wewe uliza, mimi nitatazama. Akinidanganya mtu kwamba ni mwingine, nitamtambua kwa kikohozi chake."

Walikaa bega kwa bega wiki sita. Walizozana kila siku, juu ya mwandiko, juu ya feni, juu ya neno "takriban," ambalo Bwana Mihuri alilipenda na shangazi hakutaka kulisikia. Lakini kazi ilikwenda. Katika zile jozi mia moja themanini na moja, saba zilikuwa za watu wawili wawili wenye jina moja, mshonaji na mpishi wakiwa mojawapo. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo pini zisingeligundua kamwe: watu kumi na wawili walikuwa wamejificha katika madaftari yote mawili kwa majina tofauti. Wengi walikuwa kina mama walioandikishwa huku kwa jina la baba na kule kwa jina la mume. Mmoja alikuwa dereva aliyetoa jina la utani kwa vile ndilo pekee analoitika. Na mzee mmoja alikuwa na jina la babu yake juu na la baba yake chini. Alipoulizwa sababu, alisema hakutaka kumwudhi yeyote kati yao.

Bwana Mihuri aliomba kufanya hesabu mwenyewe. Akaandika mia moja themanini na moja, akatoa saba, akaongeza kumi na wawili: mia moja themanini na sita ndio waliomo kote kote. Akawatoa katika ile elfu moja mia moja hamsini na tano yake ya zamani.

"Mia tisa sitini na tisa," alisema.

"Mia tisa sitini na tisa," shangazi alijibu. Alikuwa ameshaipata, ila alimngoja.

Akaigonga karatasi muhuri mara mbili, na kwa mara ya kwanza shangazi hakusema kitu juu ya muhuri wa pili.

Mshonaji hajaanguka tena. Yeye na mpishi walikutanishwa mezani kwa shangazi siku ya kutaja alama zao, wakatazamana, wakaanza kucheka kabla hawajasalimiana. Mshonaji alichagua kovu la nyusi. Sasa wanaitana somo, kama wenye jina moja, wanakuja kituoni siku moja, na mpishi anashonewa aproni bure. Karani mpya akiwaona wawili wale wamekaa pamoja, anaonywa mapema na wenzake.

Habari zilifika ofisi kubwa zaidi. Barua ikaja, ina mihuri mingi hata Bwana Mihuri akaikubali, ikimwomba shangazi aende akasaidie vituo vitatu vingine vilivyokuwa vinaunganishwa. Baba alimwambia ni mstaafu, apumzike. Alijibu kwamba atapumzika watu wote watakapokuwa wameandikwa mara moja moja. Akafunga begi, akaondoka na basi la asubuhi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu saa nne kumjulia hali. Nyuma yake nilisikia viti vinaburutwa na mtoto analia.

"Kazi vipi, shangazi?"

"Wa hapa nao wamejumlisha," alisema, wala hakuonekana kusikitika. "Nimewaambia waache kuniletea makaratasi, waniletee watu. Ngoja nikate, mwanangu, wa kwanza huyu ameshakaa."